Jumuiya Ndogo na Misukosuko ya Uchumi: Mafunzo ya Mbeya na Iringa

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanahekalu na majirani katika sherehe za maadhimisho ya hekalu



Tulipoombwa kusema machache siku ya leo, ilitazamiwa kwamba tungeeleza habari za jengo hili, nani alitoa kiwanja, nani alileta mawe, na nani alipanda miti iliyoko uani. Habari hizo zimeandikwa kwingine katika kijitabu hiki na watu wenye kumbukumbu nzuri kuliko zetu. Sisi tumechagua jambo ambalo, kwa maoni yetu, limo katika mazungumzo ya kila nyumba, iwe ya Uhindini au ya Mwanjelwa, iwe ya Miyomboni au ya Kihesa: jumuiya ndogo, isiyo na watu wengi wala mtaji mkubwa, inawezaje kudumu katika nchi ambayo uchumi wake umegeuka mara nyingi ndani ya maisha ya mtu mmoja?

Swali hili linatuhusu wenyewe. Wanahekalu tu wachache na tunazidi kupungua. Watoto wetu wakienda kusoma Dar es Salaam hubaki huko, na wengine huvuka bahari wakaenda Uingereza au Kanada, wakawa wanatutembelea wakati wa harusi. Majirani zetu, ambao ni wengi, wana kilio kama hicho. Kijana wa Rungwe au wa Kilolo akimaliza kidato cha nne hutazama barabara kuu kabla hajatazama shamba la baba yake. Kwa hiyo tunapouliza ni nani atakayewasha taa katika hekalu hili baada ya miaka 25, tunauliza pia ni nani atakayebaki katika mtaa unaolizunguka.

Tuanze na Chunya, kwa sababu mji wa Mbeya ni mtoto wa dhahabu ya Chunya. Dhahabu ya Lupa iligunduliwa katika miaka ya 1920, na katika muongo uliofuata wachimbaji walimiminika kutoka kila upande, Waafrika kwa Wazungu, nao wafanyabiashara wa asili ya Kihindi wakawafuata wakiwa na sukari, mafuta ya taa, majembe na marekani. Ilikuwa safari ya taabu. Reli haikufika nyanda hizi. Mzigo ulishushwa katika stesheni ya Dodoma, ukapakiwa katika malori yaliyopanda hadi Iringa na kuendelea Mbeya kwa barabara iliyokuwa vumbi wakati wa kiangazi na matope wakati wa masika. Kwa miaka ishirini na kitu ilionekana kama biashara ile haitakoma. Kisha, katikati ya miaka ya 1950, mgodi mkubwa wa Saza ulifungwa, na mji wa Chunya ukabaki na vibaraza vya maduka visivyo na wateja. Leo dhahabu imerudi. Tangu serikali ilipofungua masoko ya madini mwaka 2019, Chunya imechangamka tena na bei za viwanja zimepanda. Tunawafurahia wenzetu wa Chunya, na tunawaomba wawaulize wazee wao yaliyotokea mara ya kwanza.

Waliokuwa na maduka katika enzi hizo wengi walikuwa wametoka Gujarati na Kachchh, wakipitia Zanzibar na miji ya mwambao. Hawakuja na fedha nyingi. Walichokuja nacho kilikuwa daftari na jina. Mwagizaji wa Dar es Salaam alimkopesha bidhaa mfanyabiashara wa jumla wa Iringa. Yule wa Iringa akamkopesha mwenye duka wa kijijini. Naye mwenye duka akamkopesha mkulima jembe na chumvi hadi mavuno. Mnyororo huo wote ulitegemea mtu wa mwisho, yaani mkulima, na mvua yake. Tena sheria ya wakoloni ilikataa kulitambua mahakamani deni ambalo Mwafrika alidaiwa na mtu asiye Mwafrika, isipokuwa kama lilikuwa limepata idhini ya maofisa. Maana yake ni kwamba mwenye duka hakuwa na mahali pa kushtaki. Mkulima asipolipa, dawa ilikuwa ni kwenda kumwona, kukaa naye, kujua mtoto wake anaumwa nini, na kupanga upya.

Hatusemi kwamba mpango ule ulikuwa wa haki. Mara nyingi aliyeshika kalamu ndiye aliyekuwa na neno la mwisho, na mahindi ya mkulima yalinunuliwa kwa bei aliyoitaka mnunuzi. Chama cha ushirika kilipotokea nchini, kikapokewa kwa furaha na wakulima, kilikuwa na sababu zake. Lakini lipo jambo moja katika daftari lile ambalo mashirika makubwa ya mikopo ya leo, yenye kompyuta na madalali wa kupiga mnada, hayajaweza kulinunua: mkopeshaji na mkopaji walijuana, na wote wawili walijua kwamba wataonana tena kesho.

Ndipo yakaja mageuzi ya Uhuru na ya Azimio la Arusha la Februari 1967. Mabenki na biashara kubwa za kuagiza bidhaa zikawa mali ya umma. Mwaka 1971, mwezi wa Aprili, ikapitishwa sheria ya kutwaa majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 yaliyokuwa yamepangishwa, na jengo lililokuwa limezidi umri wa miaka 10 halikulipiwa fidia. Hatuirudii habari hii kwa uchungu. Taifa changa lilikuwa likitafuta usawa, na wazee wetu waliochagua kubaki walichagua kuwa Watanzania pamoja na yote yaliyomo humo. Tunaitaja kwa ajili ya funzo lake la kiuchumi. Familia iliyokuwa imeweka akiba yake yote katika ghorofa moja iliamka siku moja ikiwa haina kitu. Wengi wakaondoka. Tukiwatazama waliobaki tunawaona fundi saa, fundi cherehani, mwenye mashine ya kusaga, mwenye gereji, mwenye karakana ya mbao. Watu ambao mali yao ilikuwa mikononi na katika sifa zao kwa majirani. Hayo hayakuweza kutwaliwa wala kupakiwa melini.

Majirani zetu wakulima nao hawakupona. Ismani, kaskazini ya Iringa, palikuwa pamejulikana kwa mahindi kiasi kwamba matrekta yalilima usiku na mchana. Ardhi ikachoka kwa kulimwa zao lilelile mwaka hadi mwaka, na mavuno yakashuka. Huko huko Ismani, siku ya Krismasi ya mwaka 1971, Mkuu wa Mkoa Dakta Wilbert Kleruu aliuawa katika ugomvi uliozuka juu ya mashamba wakati wa kampeni ya vijiji vya ujamaa. Ni tukio la huzuni kwa pande zote mbili, na mpaka leo huongelewa kwa sauti ya chini. Halafu Mei 1976 serikali ikavunja vyama vikuu vya ushirika nchi nzima na kazi zao zikapewa mamlaka za mazao na vijiji. Baada ya miaka sita tu, mwaka 1982, sheria mpya ilitungwa ili vyama hivyo virudi. Jina lilirudi upesi. Imani ya wanachama, uzoefu wa makarani na desturi ya mkutano mkuu wa kila mwaka vilichukua muda mrefu zaidi, na katika sehemu nyingine havijarudi mpaka sasa. Jumuiya haijengwi kwa tangazo, na ikishabomolewa kwa tangazo, tangazo la pili haliiponyi.

Tusirefushe habari za viwanda. Kila mkazi wa Mbeya mwenye umri wa kutosha anakumbuka kiwanda cha zana za kilimo na kile cha nguo, na anajua ni mama lishe wangapi waliishi kwa sahani zilizouzwa nje ya mageti yale, na walivyotawanyika mageti yalipofungwa. Reli ya TAZARA, yenye kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilianza kazi mwaka 1976 ikiwa na uwezo wa kubeba tani 2,000,000 kwa mwaka. Ilipofika mwaka 2015 ilikuwa ikibeba chini ya tani 100,000. Makambako, Mlimba na Mbeya ziliionja reli hiyo ilipokuwa na nguvu na ziliionja ilipodhoofika. Leo yapo matumaini mapya ya ukarabati kwa ubia na kampuni ya Kichina. Tunayapokea, huku malori ya Tunduma yakiendelea kupita mbele ya milango yetu.

Tena si lazima msukosuko utoke kwa serikali au kwa kampuni kubwa. Soko la Mwanjelwa liliteketea kwa moto mwaka 2006, na soko la SIDO lililowapokea wengi nalo likaungua baadaye, tena zaidi ya mara moja. Mwenye kibanda hakuwa na bima. Mtaji wa miaka 15 ulikuwa majivu kabla ya adhana ya alfajiri. Na wakati mwingine msukosuko hutoka mbali sana, mahali ambapo sisi wenyewe tunapahesabu kuwa kwa babu zetu. Agosti 2017 serikali ya India iliweka ukomo wa tani 200,000 kwa mwaka kwa mbaazi zinazoingizwa nchini mwake, kwa kuwa wakulima wake walikuwa wamevuna sana. Hapa Tanzania mbaazi zilikuwa zimepandwa kwa wingi kwa ajili ya soko hilohilo. Bei ikaanguka mpaka wakulima wengine wakaona hasara kuzivuna. Dali inayochemka leo jikoni mwetu imetokana na mbaazi hizo hizo, na twapaswa kukumbuka, tunapoimiminia wali, kwamba uamuzi wa karani mmoja New Delhi uliweza kumnyima ada ya shule mtoto wa Babati au Lindi.

Tunalisema hili hasa kwa ajili ya parachichi. Njombe, Rungwe, Mufindi na Kilolo sasa zimejaa miche ya parachichi aina ya Hass, na katika vikao vyetu hapa tumesikia vijana wakisema kwamba hili ndilo zao lisiloanguka. Tumelisikia neno hilo likisemwa juu ya dhahabu, juu ya mahindi ya Ismani, juu ya pareto, juu ya mbao. Parachichi ni zao zuri na hatumkatazi mtu. Tunachoshauri ni kwamba mwenye ekari mbili asizijaze zote mti mmoja wa kuuzwa kwa mnunuzi mmoja anayekuja na lori moja.

Katika hili wenyeji wa nyanda hizi walikwisha kutangulia. Wahehe na Wabena wana vinyungu, yaani bustani za mabondeni zinazolimwa wakati wa kiangazi pale unyevu unapobaki baada ya shamba la mlimani kukauka. Mahindi mabichi, maharagwe, maboga na mboga za kinyungu hufika mezani katika miezi ambayo ghala linakaribia kuisha. Kinyungu hakimtajirishi mtu. Kazi yake ni kumvusha. Tumewahi kusikia wataalamu wakikidharau kwa kuwa hakiingii katika hesabu za mauzo ya nje, na ni kweli kwamba kikilimwa mpaka ukingoni mwa chemchemi huiharibu chemchemi yenyewe. Lakini kila jumuiya yenye akili huwa na kinyungu chake, kitu kidogo kinachozaa katika majira tofauti na yale ya zao kubwa. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi ambaye mke wake anauza chevda na achari ana kinyungu. Fundi bomba wa Ipogolo anayefuga kuku ana kinyungu.

Maji nayo tuyaseme, kwa kuwa bila maji mengine yote ni maneno. Mto Ruaha Mkuu hukusanya maji ya milima hii yetu, ukapita katika tambarare ya Usangu na ardhioevu ya Ihefu, kisha ukaingia katika hifadhi na kufika mabwawa ya Mtera na Kidatu yanayotoa umeme. Hadi mwaka 1993 mto huo ulikuwa ukitiririka mwaka mzima ndani ya hifadhi. Mwishoni mwa mwaka huo ulikauka, na tangu hapo umekuwa ukikauka karibu kila kiangazi. Mpunga, mifugo, mifereji na ukataji wa miti vyote vimetajwa kuwa sababu, na kila kundi humwonyesha mwenzake kidole. Sisi tulioko juu, Mbeya, hatuna haki ya kumlaumu mfugaji wa Usangu ikiwa tumepanda milingoti kando ya vijito vyetu kwa kuwa nguzo za umeme zina bei. Mlingoti hunywa maji mengi, na mahali pake ni mlimani pakavu. Halmashauri ya hekalu ina sehemu ya ardhi inayopakana na kijito; tumeomba iwe mahali pa kuanzia, kwa kupanda miti ya asili na kuiacha ikae.

Sasa tuseme juu ya fedha, maana wengi mmekaa mkingoja hapo. Huenda baadhi ya wanahekalu hawajawahi kuona kikao cha VICOBA kikifanyika, ijapokuwa kinafanyika kila wiki nyumba tatu kutoka hapa. Mpango wenyewe ulianza Niger mwaka 1991 miongoni mwa wanawake, ukafika Zanzibar na kisha bara. Wanachama wapatao 30 hukutana siku maalumu. Kila mmoja hununua hisa kwa kadiri ya uwezo wake, na hesabu husomwa kwa sauti mbele ya wote. Fedha hukaa katika sanduku lenye kufuli tatu, na funguo zake hushikwa na watu watatu tofauti ambao si watunza sanduku. Mwanachama aweza kukopa hadi mara tatu ya hisa zake, akidhaminiwa na wenzake. Pembeni upo mfuko wa jamii wa misiba na maradhi. Mwisho wa mzunguko faida hugawanywa. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, vikundi hivyo husajiliwa na kutambuliwa rasmi.

Mkitazama vizuri mtaona kwamba hili ni daftari la babu zetu likiwa limerekebishwa kasoro yake kubwa. Kujuana kumebaki, ila kalamu haiko tena mkononi mwa mtu mmoja.

Wapo pia majirani wa dini nyingine ambao tuna la kujifunza kwao. Pale Iringa mjini Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana ilianzisha mwaka 2003 karakana ya Neema Crafts kwa kuanza na vijana wachache viziwi, wakitengeneza karatasi kwa kinyesi cha tembo. Watu wakacheka. Leo ni mahali penye ufumaji, ushonaji, mkahawa na nyumba ya wageni, na mteja anayeagiza chai huiagiza kwa ishara za mikono. Walianza na watu ambao mji ulikuwa umeamua kwamba hawana kazi ya kufanya. Mufindi nako, maporomoko ya mto Mwenga yamefungwa mtambo wa megawati 4 tangu mwaka 2012, unaozipatia umeme shughuli za chai na vijiji vya jirani, na ziada huuzwa katika gridi ya taifa. Rungwe wakulima wadogo wa chai kupitia chama chao walipata hisa katika kampuni inayosindika majani yao wenyewe. Kila mfano kati ya hiyo una matatizo yake, na bei ya chai katika miaka ya karibuni imewatesa wengi. Bado, mwenye hisa huketi mezani bei inapojadiliwa, na asiye na hisa huisikia redioni.

Bei hutuleta kwenye lumbesa. Kila mtu hapa anaijua: gunia la viazi linaloshonewa kilemba juu mpaka gunia moja linakuwa gunia na nusu, na mkulima hulipwa kama gunia moja. Sheria ya vipimo inakataza, na Wakala wa Vipimo hukamata, lakini usiku malori hupakiwa. Mnunuzi atasema kwamba asipofanya hivyo mwenzake atafanya. Sisi tunasema kwamba mji ambao mkulima wake huibiwa kilo 50 katika kila gunia ni mji unaokula wateja wake mwenyewe, kwa kuwa mkulima huyo huyo ndiye anayetarajiwa kuja Jumamosi kununua bati, sare za shule na mbolea. Tumewaomba wanahekalu wote wanaonunua mazao wanunue kwa mizani, mbele ya macho ya muuzaji. Wengine wamekubali palepale. Wengine wameomba muda, nasi tutawakumbusha.

Limebaki jambo ambalo ni gumu kwetu kulisema mbele ya wazee, nalo ni kukabidhi. Wanyakyusa zamani walikuwa na desturi ambayo mwanazuoni Monica Wilson, aliyekaa Rungwe katika miaka ya 1930, aliiandika kwa kirefu. Vijana wa rika moja walijenga kijiji chao wenyewe, wakaishi pamoja na kukua pamoja. Ilipofika zamu ya kizazi chao, karibu mara moja kila miaka 30, ilifanywa sherehe kubwa iitwayo ubusoka: baba zao waliwaachia utawala na ardhi, wakasogea pembeni, na mioto ya zamani ikazimwa ili uwashwe moto mpya. Wazee hawakungoja kifo kiwapokonye funguo. Walizitoa wakiwa hai, wakiwa na nguvu ya kushauri na ya kukemea.

Katika hekalu letu, kama katika misikiti, makanisa na vyama vingi vya miji hii, funguo hukaa mikononi mwa wale wale kwa muda mrefu sana, kwa nia njema kabisa, maana wale wale ndio wanaojitolea. Matokeo yake kijana hukua akiwa mgeni katika nyumba yake. Huitwa kubeba viti na kupanga viatu, hesabu haonyeshwi. Akipata kazi Dar es Salaam hana sababu ya kurudi, kwa kuwa hakuna kitu hapa ambacho kisipofanywa na yeye hakitafanyika. Tumependekeza kwamba nafasi tatu kati ya nafasi za halmashauri zikaliwe na wenye umri usiozidi miaka 35, wanaume kwa wanawake, na kwamba mmoja wao awe mtunza hazina. Tunajua neno hilo la mwisho limewashtua baadhi yenu.

Pendekezo la pili ni la sanduku. Tunaomba hekalu liwe mwenyeji wa kikundi cha kuweka na kukopa kitakachowachanganya wanahekalu na majirani wa mtaa huu, kikisajiliwa kama sheria inavyotaka. Baadhi ya wazee wamepinga, na hoja yao ina uzito: fedha za hekalu ni sadaka za waliotangulia, na zikikopeshwa zikapotea, tutawajibu nini? Tumekaa nao mara mbili juu ya hili, na tumefikia mahali ambapo tunaona panafaa. Sadaka haitaguswa. Kila mwanachama, awe na jina la Kigujarati, la Kisafwa au la Kihehe, ataweka hisa zake mwenyewe. Hekalu litatoa ukumbi siku ya Jumapili alasiri, meza, na mtu mwenye ujuzi wa hesabu wa kuwafundisha makarani kwa mwaka wa kwanza. Funguo tatu zitagawanywa: moja kwa mwanahekalu, moja kwa jirani, na ya tatu kwa mtu atakayechaguliwa na akina mama peke yao. Wapo waliouliza kwa nini tusiende benki. Twendeni, benki zipo na zina kazi yake. Mwenye kutaka kununua trekta hatalipata katika sanduku. Ila mwenye kutaka shilingi 80,000 za kurudisha kibanda kilichoungua huambiwa benki alete hati ya nyumba.

Yupo aliyetuuliza kwa faragha kama haya yote ni kazi ya hekalu. Kwa mila zetu utumishi kwa jirani ni ibada, kwa hiyo upande huo hatukuona swali. Upande wa pili ni wa hesabu tu: wanahekalu hatutoshi kuujaza ukumbi huu wenyewe, na mwaka 2006 moto wa Mwanjelwa haukuuliza kibanda ni cha nani.

Wadhamini wameahidi kulijibu pendekezo la sanduku na lile la viti vya vijana katika mkutano utakaofanyika kabla ya mvua za Novemba, na majirani wamealikwa kusikiliza. Orodha ya wanaotaka kujiunga ipo mezani karibu na mlango, upande wa kushoto mnapochukua viatu; andika jina na mtaa unaokaa, inatosha kwa sasa. Miche ya miti ya asili ipo nyuma ya jiko, na kila nyumba aweza kuchukua miwili. Mwenye swali na aulize sasa, maana tumeambiwa puri zimeanza kutolewa mafutani na akina mama hawapendi zipoe.